Swali Ulilomuuliza Bibi Yako

Mazwi, Sumbawanga
Jioni, kabla ya safari yako

Skola mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kujuliana hali. Hali yako naijua: tangu Jumapili umenuna. Unaniamkia asubuhi, unaitika nikikuita, unanyoosha mkono kupokea kikombe, na hapo mazungumzo yetu ya siku nzima yameisha. Sasa hivi umekwenda Majengo kuwaaga rafiki zako. Nyumba imetulia, bibi yako yuko jikoni anaota moto, nami nimeona niandike yale ambayo mdomo umekataa kuyasema. Kesho basi likishaondoka nitakuwa nimechelewa.

Ya sweta, ya pasipoti, ya kutosinzia ovyo kwenye treni kutoka Mbeya mpaka Dar es Salaam, hayo sitayagusa. Baba yako ameshayarudia mpaka hata kuku wa jirani wanayajua. Mimi nataka kusema juu ya kazi. Juzi baba yako aliniambia, huku akijifanya anatafuta miwani, kwamba ukifika Marekani hutasoma tena historia. Utahamia hesabu, kwa sababu, ndivyo ulivyomwambia, hesabu haimkosei mtu adabu. Alilisema kwa furaha kidogo. Unajua yeye hajawahi kuelewa kwa nini mwanamke wa Kifipa aumalize ujana wake akisoma siasa za Wamarekani, na kwa nini binti yake naye ashike njia hiyo hiyo. Mimi sikufurahi. Niliumia, kwa sababu nilijua ni nani aliyekufikisha hapo.

Sikuandikii ili ubadilishe nia. Ukitaka hesabu, soma hesabu, na uisome vizuri. Lakini kama unaiacha historia kwa sababu ya maneno niliyokutamkia Jumapili mbele ya watu, basi ni haki yako ujue kwanza maneno yale yalitoka wapi. Habari yenyewe ni ndefu na inaanzia mbali. Vumilia, ulishavumilia mihadhara yangu mingine isiyo na faida.

Historia ya Marekani niliiangukia tu. Uhuru wetu ulikuwa unabisha hodi, masista walionisomesha walinitafutia ufadhili, na nilipanda ndege nikiamini nakwenda kusomea ualimu. Nilipanga chumba kwa mama mmoja katika jiji la kaskazini mwa nchi yao, mahali ambapo baridi yetu ya mwezi wa sita ingeonekana mchezo. Uchaguzi ulikuwa unakaribia. Jioni moja akaja mwanamume mnene, kofia mkononi, akaketi jikoni. Akauliza habari za mguu wa mama mwenye nyumba, akauliza kama kijana wake amepata kazi, akaahidi kusema na mtu fulani juu ya bomba lililopasuka. Habari ya kura aliigusa mwishoni kabisa, akiwa ameshasimama kuaga. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi namwangalia, nikasema moyoni, huyu namjua. Wazee wa kwetu walikuwa wanaingia nyumbani hivyo hivyo wakiwa na shauri.

Muhula uliofuata nikahamia historia. Kila mtu aliniuliza mbona sisomi historia ya Afrika. Wazungu waliuliza kwa upole, Waafrika wenzangu kwa ukali. Niliwajibu kwamba wao huja kwetu kutusoma na hakuna anayewashangaa. Nyumba usiyolala ndani huijui hila yake, na mimi nimepata nafasi ya kulala ndani. Nilikuwa na majibu ya haraka siku zile. Mengine yalikuwa ya kweli.

Nilirudi nyumbani na shahada ya kwanza, nikaolewa, nikakuzaa wewe. Kisha wakaniita tena nikasomee udaktari, na nikaenda. Ulikuwa ndiyo kwanza umeacha kunyonya. Nilikuacha kwa bibi yako kule juu, kwenye boma la zamani, ambako upepo unapiga mchana kutwa, na miaka yote niliyokuwa nikihesabiwa kuwa mwanafunzi hodari, aliyekufundisha kusema, kutembea na kuamkia wakubwa ni yeye. Watu wamenisema kwa hilo na sikuwahi kuwajibu. Nilikukosa, Skola. Niliporudi ulinipa mkono kama unavyompa mgeni, ukaenda kujificha nyuma ya khanga ya bibi yako. Sitajisingizia kwamba nilizoea haraka.

Katika miaka hiyo ya pili ndipo nilipompata Bibi Odela. Alikuwa mjane, mweusi kama sisi, na chama kilichotawala jiji lile kilikuwa kimempa mtaa auangalie, kama balozi wetu wa nyumba kumi. Siku ya kura alitakiwa awatoe watu majumbani, na kati ya kura na kura alitakiwa ajue shida zao. Wanafunzi wenzangu walikwenda kwake na mashine za kunasa sauti na maswali waliyoyapiga chapa. Aliwapa chai, akawapa na majibu ya kwenye gazeti.

Mimi nilikwenda jinsi nilivyolelewa. Kwetu huingii kwa mtu mzima na swali mkononi. Unachuchumaa, unapiga makofi ya taratibu, unaamkia, unasubiri uulizwe habari za ulikotoka. Ukiona kazi, unaishika. Bibi Odela alikuwa akipenda maharage, na mimi kuchambua maharage nilijua kabla ya kujua kusoma. Basi nikawa naenda kila Jumamosi, nachambua, nanyamaza. Makofi niliyaacha, maana angeniona kichaa, lakini mengine yote niliyafuata. Haikupita muda akaanza kusimulia bila kuombwa: nani alipelekewa makaa ya mawe wakati wa baridi, mtoto wa nani alitolewa polisi, kura ya nani haikutegemewa kamwe kwa sababu ya ugomvi wa uzio. Profesa wangu aliposoma niliyoyaandika alishindwa kuelewa nimeyapataje. Bahati yake hakujua sifa ya uchawi wanayotupakaza watu wa Dar es Salaam sisi wa Sumbawanga, angedhani nimetumia dawa.

Sasa, mtaa wenyewe haukuwepo tena. Jiji lilikuwa limeubomoa na kuwatawanya watu kwenye majengo ya ghorofa, na Bibi Odela mwenyewe alikuwa akiishi juu kabisa, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa ikiharibika. Kabla ya kubomoa, mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Kumbukumbu za jiji zilisema wakazi walikubali. Aliyewapitia wakazi mlango kwa mlango awalete kwenye mkutano ule alikuwa yeye. Hilo nilikuwa nalijua, naye alijua kwamba nalijua.

Jumamosi moja aliacha kuchambua, akaangalia dirishani, akasema, "Ya mkutano ule ningeyasema, kama kungekuwa na mtu wa kuniuliza."

Mwanangu, tazama nilivyofanya. Mimi nililelewa kwamba mtu mzima akilisogelea jambo la aibu, humsukumi. Unampa nafasi, aseme akitaka, au aliache bila kuaibika. Kwa hiyo nilimjibu kwa Kiingereza safi kabisa kwamba tutayasikia siku nyingine, nikainamisha kichwa nikaendelea na maharage. Nilijiona nina adabu sana. Yeye akainuka kuweka sufuria motoni.

Siku nyingine haikuja. Alifariki kabla ya baridi ile kuisha, nami nikamlilia kama mtu wa nyumbani.

Nilipofika kwenye sura ya kubomolewa kwa mtaa nilikuwa na kumbukumbu za jiji tu. Nikaandika kwamba wakazi walikubali. Ni sentensi fupi katikati ya kitabu kinene, na hakuna aliyeigomea. Kitabu kilisifiwa, tena kilichosifiwa zaidi ni jinsi mwandishi alivyojua kusikiliza. Nakala yake umeiona, ndiyo ile baba yako anayowekea redio.

Nilirudi nikapewa kazi chuo kikuu, nikaja kukuchukua kwa bibi yako, ukalia njia nzima mpaka Mbeya. Chuoni hawakujua wanipeleke wapi. Nchi ilikuwa imeshika njia ya Ujamaa, wanafunzi walikuwa moto, na mimi nimerudi na vyeti vya kuwajua Wamarekani. Kijana mmoja wa darasa langu, aliyekuwa amefuga ndevu za kimapinduzi ambazo bado hazijakubali kuota vizuri, alinitaka nieleze uchaguzi wa mabeberu unamsaidia nini mkulima wa Rukwa. Lilikuwa swali zuri, na nilimjibu vibaya, kwa hasira. Nilisema juu ya elimu kuwa haina mipaka na mambo mengine ya namna hiyo. Somo langu likapunguzwa, likapunguzwa tena, mwishowe likawa mihadhara michache ndani ya somo la ubeberu. Nilifundisha hiyo hiyo. Nilisema yaliyotakiwa kusemwa, na penye utata nilipita haraka. Kama utaendelea na kazi hii utakutana na jambo hilo popote utakapokuwa, kwao au kwetu, na sina dawa ya kukupa. Najua tu kwamba ukipita haraka mara nyingi, unasahau palipokuwa na utata.

Kisha ikaja Operesheni ya kuwahamishia watu vijiji vya Ujamaa, na wewe ulikuwa shule ya msingi. Nilikuja likizo peke yangu. Nilikwenda moja kwa moja kule juu kwenye boma, nikakuta paa limeng'olewa, na yale matuta ya duara ambayo bibi yako alikuwa akifukia majani ndani yake kila mwaka yameota magugu. Nikaelekezwa kijiji kipya, chini, kando ya barabara. Bibi yako alikuwa kwenye kibanda cha nyasi, mvua inanyesha, amekaa juu ya kinu chake kwa sababu sakafu ilikuwa tope.

Baba mdogo Kastori alikuja kunipokea. Wewe unamjua kama mzee mpole anayekuletea njugu. Ni mdogo wake marehemu baba yangu, na ndiye aliyenipeleka shule ya masista kwenye baiskeli, mimi nimekaa nyuma na godoro kichwani. Wakati ule wa Operesheni alikuwa balozi wa nyumba kumi. Nilimuuliza, kwa heshima zote, mambo yalikwendaje. Akanijibu kwa Kifipa, taratibu, kama mtu anayesoma taarifa ya kikao, "Tulikaa, tukazungumza, watu wakakubali."

Ilikuwa sentensi yangu ile ile, niliyoiandika upande mwingine wa dunia juu ya watu ambao sikuwauliza. Nikageuka kumwangalia mama yangu. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, hakuinua macho.

Sitaki usome hapa kwamba Kastori ni mtu mbaya, au kwamba kijiji kile hakikuwa na faida. Kisima kilikuwa karibu, shule ilifunguliwa, na matofali ya shule ile Kastori aliyabeba mabegani mwake. Naye pia alikuwa ameacha boma lake kule juu. Mimi nasema habari ya neno moja tu, walikubali. Nilikuwa daktari wa historia, nimefundishwa kuuliza ni nani anasema, kwa nani, na ni nani hakuulizwa. Mtu ambaye hakuulizwa alikuwa mbele yangu, amekaa juu ya kinu, na ni mama yangu mzazi. Sikumuuliza.

Siku ile nilijiambia siwezi mbele ya Kastori, ingekuwa kama kumvua nguo. Siku iliyofuata Kastori hakuwepo, nikajiambia mama amechoka. Likizo ikaisha. Nilirudi Dar es Salaam nikaanza kuiandika upya ile sura ya Bibi Odela, nikitaka kuweka mtaa wake na kijiji chetu pamoja, nione vilivyofanana na visivyofanana. Ingekuwa jibu zuri kwa yule kijana wa ndevu. Kila nilipofika penye neno wakazi, kalamu ilisimama. Miaka ikaenda. Wenzangu wakaandika vitabu vyao, wakapandishwa vyeo, mimi nikabaki na sura nusu na mihadhara ya ubeberu. Bibi yako alipoanza kuumwa niliomba kuhamia huku, nikampokea hapa Mazwi, nikaanza kufundisha sekondari, na watu wakanibandika jina la Mama Marekani. Walidhani nimeacha mambo makubwa kwa ajili ya mama yangu. Nilikubali sifa hiyo. Ukweli ni kwamba kazi ilikuwa imeshakwama, na nilifurahi kupata sababu nzuri ya kuiacha.

Nimeishi naye nyumba moja tangu wakati huo. Nimempikia, nimemwogesha, nimemsomea barua zako za bweni. Swali sijamuuliza. Darasani kwangu ukutani nimebandika kuuliza si ujinga, na wanafunzi wakiinua mikono nawapongeza.

Sasa Jumapili.

Ulikuwa umerudi kutoka kanisani na wageni wako wa kukuaga, tumekula ugali wa ulezi na migebuka, samaki wa ziwani, ambao baba yako aliwatafuta kwa taabu, na Kastori akaanza kusimulia mambo ya zamani. Alikuwa na furaha. Alisema jinsi kijiji kilivyojengwa, jinsi watu walivyoelewana siku zile, si kama sasa. Nami nilikuwa nikiitikia kwa kichwa, kama nilivyoitikia miaka yote. Wewe uliinuka. Nilidhani unakwenda kuchukua maji ya kunawa. Ukaenda mpaka kwa bibi yako, ukachuchumaa, ukapiga makofi, ukamwamkia upya kama vile ndiyo kwanza unaingia. Kisha ukasema, kwa sauti ya kawaida, "Bibi, wewe ulikubali kuhama?"

Kastori alibaki na tonge mkononi. Sikumwangalia bibi yako, nilimwangalia Kastori tu, na aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nikakwambia, "Skola, toka nje. Huna adabu."

Ukatoka. Hukubamiza mlango, na ningefurahi kama ungeubamiza.

Hukujua yaliyofuata, ndiyo maana naandika. Kastori alicheka kidogo, akasema watoto wa siku hizi wamesoma sana, akanawa mikono, akaomba fimbo yake. Wageni wakamfuata. Kesho yake asubuhi, wewe ulipokwenda kisimani, bibi yako aliniita jikoni. Nilichuchumaa. Akaniuliza kwa nini nimemtoa yule mtoto. Nikasema alikosa adabu.

Akauliza kama hukumchuchumalia. Nikasema ulimchuchumalia. Akauliza kama hukupiga makofi. Nikasema ulipiga. Akauliza kama hukumwamkia. Nikasema ulimwamkia.

"Basi adabu ipi ilikosekana?" akasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

Nilikaa pale kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni bila kusoma. Maisha yangu yote nilikuwa nimechukua nusu ya malezi yake nikaiita malezi kamili. Kuchuchumaa, kupiga makofi, kusubiri, hiyo ni njia ya kufika kwa mtu. Mimi nilifika kwa Bibi Odela nikaishia mlangoni. Nilifika kwa mama yangu nikaishia mlangoni vile vile. Nilikuwa nawaogopa watu wazima na majibu yao, na woga ule niliuvisha nguo za heshima, nikaenda nao mpaka nikaandika nao kitabu. Bibi Odela hakuhitaji nafasi ya kunyamaza. Alikuwa na ghorofa nzima ya kunyamazia. Alitaka mtu amuulize, na mtu aliyekuwa karibu naye kuliko wote alimjibu, "Siku nyingine."

Basi pale jikoni nikajikaza. Nilipiga makofi, mimi mwanamke mwenye mvi, nikamuuliza mama yangu kama alikubali kuhama.

Aliniangalia kwa huruma, nadhani ilikuwa huruma. Akasukuma kuni ndani ya moto. Kisha akasema, "Aliyeniuliza si wewe. Nitamjibu aliyeniuliza."

Nilimwambia unaondoka siku chache zijazo. Akasema anajua, ana masikio. Nikamwambia labda huna hamu tena ya kuuliza. Akasema hilo ni lako, yeye hamshiki mtu.

Tangu siku hiyo nimejaribu kukwambia na nimeshindwa. Juzi nilikufuata uani ulipokuwa unaanika nguo, nikaishia kukuuliza kama soksi zinatosha. Unaona ugonjwa ulivyo mkubwa.

Kwa hiyo yako mambo mawili, na yote nayasema waziwazi, maana nimeshaona gharama ya kuyazungukia. La kwanza, nilikukosea. Ulikuwa na adabu kuliko mimi, na niliyekuwa namlinda hakuwa bibi yako wala hata Kastori. Nilikuwa najilinda mimi, nisisikie jibu ambalo lingenionyesha miaka yangu nimeitumiaje. Nisamehe. Kwa Kastori nitakwenda mwenyewe Jumamosi. Sijui nitamwambia nini; nitaanza kwa kumwamkia. Yeye naye huenda ana mambo ambayo hajaulizwa.

La pili ni hiyo kazi. Watu watakwambia mwanahistoria anatakiwa akili nyingi, na kule uendako watakupima kwa vitabu ulivyosoma. Mimi nilikuwa navyo. Nilikosa kitu ulichokuwa nacho Jumapili ulipovuka chumba kilichojaa watu wazima. Ukikipeleka kwenye hesabu sitalalamika, nadhani hata huko kinafaa. Ila usikiache hapa Mazwi kwa sababu mimi nilikuaibisha. Na ukiendelea na historia, ukafika siku moja kwenye jiji lile, ile sura yangu imesimama na sentensi yake. Katika waliohamishwa bado wapo walio hai, na watoto wao. Waamkie kwanza. Halafu usijibu "siku nyingine" kwa niaba yao.

Basi linaondoka alfajiri. Bibi yako ameshamwambia baba yako kwamba atakuwa ameamka mapema, amechochea moto, yuko jikoni. Hakusema kwa nini, na baba yako akadhani ni kwa ajili ya uji. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako ili uisome leo ukirudi, usije ukaisoma Tunduma ukapiga kelele kwenye basi.

Ukitaka kumuuliza tena, muda upo wa kutosha. Sijui atasema nini. Inawezekana alikubali. Inawezekana alikataa, akabebwa. Inawezekana alifanya jambo ambalo wala mimi wala wewe hatujalifikiria, na ndiyo maana watu huuliza. Ningependa kuwepo, Skola. Ningekaa chini karibu na mlango na nisingesema neno. Lakini swali ni lako na jibu ni lako. Kama unaona mambo yatakwenda vizuri mkiwa wawili tu, niambie, na safari hii atakayetoka nje ni mimi.

Mama yako